Viti vya Ukumbi Namba Nne

"Kuna swali?"

Hakuna aliyejibu. Wanafunzi mia moja sitini na watatu walimtazama kama watu waliojibanza barazani wakisubiri mvua ipungue. Mmoja alipiga chafya, jirani yake akamwambia pole, na huo ndio ukawa mjadala mrefu kuliko yote iliyowahi kufanyika katika Ukumbi Namba Nne tangu muhula uanze.

"Basi tutaendelea saa nane," alisema mwalimu, akakung'uta chaki mikononi.

Wanafunzi walimwita Madam Wenzo. Alikuwa akifundisha fizikia ya mwaka wa kwanza, na mwanzoni mwa muhula alikuwa amesema neno "wenzo", yaani mtaimbo wa kunyanyulia vitu vizito, mara nyingi sana katika kipindi kimoja hata kuna aliyezihesabu. Jina likamganda. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mkataba wa muhula kwa muhula, na meza nusu katika ofisi ya watu watano. Ile nusu nyingine ilikuwa ya printa mbovu.

Alipotoka mlangoni alikutana na tarishi wa idara aliyekuwa amemngoja na bahasha.

"Inatoka Ofisi ya Ubora," tarishi alisema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Saini hapa."

Barua ilikuwa fupi. Leo saa nane mchana, mkaguzi angeingia darasani kwake kupima ushirikishwaji wa wanafunzi. Muhula uliopita alikuwa amepata alama arobaini na nane kati ya mia, na maoni ya mkaguzi yaliandikwa kwa mwandiko mzuri: "Wanafunzi ni watulivu kupita kiasi. Mhadhiri ndiye pekee anayeonekana kulifurahia somo." Safari hii akipata chini ya sitini, mkataba hauandikwi upya. Nyuma ya barua kulikuwa na fomu yenye vipengele kumi na viwili. Cha tatu ndicho kilichokuwa kinono: "Wanafunzi wameketi katika makundi, wakitazamana. Alama thelathini."

Madam Wenzo aligeuka akachungulia ukumbini. Viti vilikuwa tisini na sita, safu nane za viti kumi na viwili, vyote vya chuma, vyote vikitazama ubao, na kila kimoja kimekazwa sakafuni kwa nati nne. Waliokosa viti walikuwa wakikaa madirishani na kuegemea kuta. Viti vilifungwa hivyo miaka mitatu nyuma, pale vitatu vilipoonekana kantini vikiwa vimekaliwa na wapishi.

Alipanda ngazi hadi Ofisi ya Ubora. Kijana mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, naye akakitazama kile kiti kwa wivu kwa sababu kilikuwa na magurudumu.

"Kaka, hiki kipengele cha tatu. Viti vyangu vimefungwa sakafuni. Hawa watoto nitawakalisha vipi wakitazamana?"

Kijana aliisoma fomu kama vile hakuiandika yeye. "Kwa mujibu wa utafiti, mwalimu, wanafunzi wanaotazamana hujifunza zaidi."

"Nakubali. Mimi nauliza habari ya nati."

"Fomu haina habari ya nati."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, wewe una macho."

Kijana akacheka, kisha akakumbuka cheo chake. "Mambo ya viti ni Ofisi ya Majengo. Sisi tunashughulika na ubora."

Ofisi ya Majengo ilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya matangi ya maji. Karani wake alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafaili hadi chini ya meza, kiasi kwamba miguu yake ilibidi ikae pembeni. Alimsikiliza Madam Wenzo hadi mwisho bila kumkatiza, jambo lililompa matumaini ya bure.

"Dada yangu," karani alisema, "vile si viti."

"Si viti?"

"Vilikuwa viti. Tulipovifunga tukaviandikisha upya. Sasa ni sehemu ya jengo." Akavuta jalada, akalifungua, akamwonyesha kwa kidole. "Unaona? Ukuta, paa, sakafu, viti. Kwa hiyo kukihamisha kimoja ni kubomoa. Na kibali cha kubomoa kinahitaji saini tatu na siku kumi na nne."

"Mimi nina saa tatu."

"Basi dada, sali."

Alimkuta mkuu wa idara akifungua chakula chake cha mchana. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu, na shabaha yake kubwa maishani ilikuwa miaka hiyo ipite bila jambo. Aliisoma fomu, akatafuna, akaisoma tena.

"Waambie wageuze shingo," alisema.

"Shingo, mzee?"

"Wa mbele wawageukie wa nyuma. Dakika kumi tu, mkaguzi akishatia alama warudishe. Shingo za vijana hazina neno."

Madam Wenzo alitoka akakaa kwenye ngazi za jengo, akampigia simu mama yake. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, sasa amestaafu na anamlea mjukuu, na hakuwahi kujaziwa fomu yoyote ya ushirikishwaji. Alisikiliza habari yote, ya Ubora, ya Majengo, ya shingo.

"Sasa mwanangu, hao watoto wako wenyewe wanasemaje?"

"Hawasemi, mama. Hilo ndilo tatizo langu."

"Umewaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba unakaguliwa. Kwamba viti vimefungwa. Mimi darasa langu lilipovuja niliwaambia, jamani, darasa linavuja, tufanyeje? Mtoto wa darasa la pili akaniambia tuhamie upande wa pili. Siku tatu nilikuwa nazunguka na ndoo, sikuwa nimeliona." Mama akamkemea mjukuu aliyekuwa akimwaga kitu, kisha akarudi. "Mtoto hashirikishwi, mwanangu. Mtoto huchokozwa. Haya, nenda, usije ukachelewa."

Saa nane kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Mkaguzi alikuwa hajafika. Madam Wenzo aliweka chaki mezani bila kuandika kitu, na hilo peke yake lilifanya vichwa vya safu ya mbele viinuke.

"Leo nakaguliwa," alisema. "Natakiwa niwakalishe kwenye makundi, mtazamane. Nimekwenda Ubora, wakanipeleka Majengo. Majengo wameniambia hivyo mlivyokalia si viti, ni jengo. Mkuu wa idara amesema mgeuze shingo. Mimi nimeishiwa. Mna ushauri?"

Mtu akacheka nyuma. Kisha wakacheka wengi.

Mkono ukanyooshwa kutoka safu ya mwisho. Ulikuwa mkono mkubwa, wenye grisi kwenye kucha, wa mwanafunzi aliyekuwa na umri karibu sawa na wa mwalimu. Wenzake walimwita Gereji. Asubuhi na mwisho wa wiki alikuwa fundi wa magari, na mchana akija chuoni kusinzia kwa heshima.

"Madam, mimi sijaelewa," alisema. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu asajiliwe. "Hizi ni nati za kawaida tu, za spana kumi na tisa. Kwa nini tusizifungue?"

"Ni kubomoa."

"Kubomoa ni nyundo, Madam. Hii ni kufungua." Akainua begi lake, likalia kama kabati la vyombo, na akatoa spana.

Madam Wenzo aliitazama ile spana. Aliutazama mlango. Alifikiria zile saini tatu na siku kumi na nne, na shingo mia moja sitini na tatu. Lisilobudi hutendwa.

"Fungua kimoja," alisema. "Tuone."

Gereji alipiga magoti, akaivisha spana kwenye nati, akavuta. Nati haikutikisika. Ilikuwa imeota kutu miaka mitatu na kupigwa deki kila siku. Akavuta tena hadi mishipa ya shingo ikasimama. Akashika mwisho wa mkia wa spana, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Nati ikalia "kii," ikageuka kidogo, kama mtu aliyeitwa akafumbua jicho moja.

"Imekubali!"

"Kwa sababu ni mnene!" mtu alipiga kelele. "Kilo themanini hizo!"

"Mwenye kilo hamsini hafungui hata kifuniko cha soda!"

"Si kweli," ilisema sauti nyembamba.

Watu walitafuta sauti imetoka wapi. Ilitoka dirishani, kwa msichana mwembamba waliyemwita Sindano, ambaye mwalimu alimjua kwa namba ya mtihani tu. Akatamani kujirudi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Si kweli vipi?" aliuliza Madam Wenzo.

"Si kilo peke yake. Ni kilo na... na urefu. Ulisema wiki ya tatu. Yeye ameshika mwisho wa spana. Spana ina kama sentimita ishirini na tano. Mimi nikipewa ndefu zaidi, natosha."

"Ndefu kiasi gani?"

"Sijui. Nina kilo arobaini na tano."

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Mmoja alisema nusu mita. Mwingine akasema hapana, mita nzima, kwa sababu yule ni msichana, na wasichana thelathini wakamgeukia kwa pamoja akajuta kuzaliwa. Karatasi zilitoka. Themanini mara ishirini na tano. Gawa kwa arobaini na tano. Mtu akatangaza jibu, mwingine akasema amekosea, wakagombana, wakapatana: sentimita arobaini na tano, haipungui.

"Na ukishika katikati?" aliuliza Madam Wenzo. Alikuwa amesahau kukaa mbele ya darasa. Alikuwa amechuchumaa katikati ya viti, vumbi limempaka sketi. "Na ukivuta kwa mshazari, si kwa pembe mraba?"

"Nguvu inapotea!" walijibu wengine.

"Haipotei, inapungua!" wakajibiwa.

Juu ya dirisha kulikuwa na bomba la chuma la kutundikia pazia. Pazia lenyewe lilikuwa limeshaondoka, pengine kwenda kantini kufuata vile viti. Vijana wawili wakalishusha, wakalivisha kwenye mkia wa spana, na Sindano akaitwa. Alishuka dirishani akivuta blauzi, akashika ncha ya bomba kwa mikono miwili, akaangalia dari, akajitupa nyuma.

Nati ikaachia kwa urahisi hata yeye mwenyewe akakaa chini kwa kishindo.

Kelele zilizopigwa zilisikika hadi nyuma ya matangi ya maji. Sindano alibebwa. Gereji alipiga makofi kuliko wote, akisema, "Mimi miaka kumi navuta kwa kifua, kumbe!" Baada ya hapo kila mtu alitaka zamu. Waliandika ubaoni jina, kilo, urefu wa bomba, imefunguka au haikufunguka, na ubao ulipojaa wakaandika ukutani. Viti saba vilikuwa vimeshang'oka na kuwekwa duara pale mlango ulipofunguliwa.

Mkaguzi alikuwa mzee nadhifu, mwenye koti, miwani na ubao mdogo wa kubania fomu. Alisimama mlangoni kwa muda. Alitafuta mhadhiri mbele, hakumwona. Akamkuta sakafuni, ameshika nati mdomoni kama fundi cherehani anavyoshika pini.

"Mimi ni wa Ofisi ya Ubora," alisema.

Madam Wenzo alitema nati. "Karibu, mzee. Tuko... tuko kwenye wenzo."

Mzee alikaa kwenye kiti kimojawapo cha lile duara, akafungua kalamu. Wanafunzi wakaendelea, kwa kuwa walikuwa katikati ya ugomvi na ugomvi haukuwa na nafasi ya mgeni. Kulikuwa na nati moja isiyokubali kwa Gereji wala kwa bomba. Mzee alitia alama, akageuza ukurasa, akasimamisha kalamu.

"Samahani," alisema. "Mbona huyo ameshika katikati?"

"Si ndiyo hapo!" kundi zima lilimjibu. Mtu akampa bomba. "Jaribu, mzee. Shika hapo kwanza, halafu shika mwisho."

Mzee alitazama mlango, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti. Alivuta katikati, hakuona kitu. Akasogea mwisho, akavuta, na nati ikalia. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa baiskeli.

"Kumbe ndiyo maana mlango kitasa chake huwekwa mbali na bawaba!" alisema. "Miaka yote hii nafungua milango!"

Akarudi kwenye fomu yake akiwa ametoa jasho, akaandika haraka kwa muda mrefu. Na alikuwa bado anaandika pale karani wa Majengo alipoingia akihema, na mlinzi nyuma yake.

"Nani kabomoa?" karani aliuliza.

Madam Wenzo akajifuta mikono.

"Ni mimi, kaka."

"Si yeye, ni sisi," alisema Sindano.

"Dada yangu," karani alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli, "nilikuambia usali."

Wiki iliyofuata barua zilikuja mbili, siku moja, kwa mkono wa tarishi yuleyule. Ya kwanza ilitoka Ubora. Amepata alama tisini na moja, za juu kuliko zote chuoni, na anaombwa aandae semina ya kuwafundisha wenzake mbinu zake. Ya pili ilitoka Utawala. Amepatikana na kosa la kubomoa sehemu ya jengo bila kibali, na kwa kuwa mtumishi mwenye kosa la nidhamu hawezi kupewa mkataba mpya, mkataba wake utakwisha pamoja na muhula. Aidha, kwa kuwa haijulikani ni nati ngapi zimelegezwa, anaagizwa kuhakikisha kwamba ifikapo Jumamosi jioni nati zote za Ukumbi Namba Nne zimefunguliwa, zimetiwa grisi, na viti vyote vimerudishwa kwenye matundu yaleyale na kukazwa imara.

Alizisoma zote mbili kwa sauti mbele ya mkuu wa idara, akidhani labda moja ingeifuta nyingine.

"Ni ofisi mbili," alisema mkuu wa idara. "Hazisomani." Kisha, bila kumtazama, "Ile semina usikatae. Watatoa cheti."

Nyumbani mama hakusema mengi. Alimwekea chakula, akamwangalia akila, akasema, "Nafasi za kufundisha hazipo hapo tu," na wote wawili walijua kwamba kwa mwaka ule zilikuwa hapo tu.

Jumamosi Madam Wenzo alifika saa mbili asubuhi na kopo la grisi, amevaa suruali kuukuu. Alijipangia nati mia tatu themanini na nne, peke yake, hadi jioni. Alikuta mlango uko wazi. Gereji alikuwa ameleta spana za gereji nzima. Sindano alikuwa amekaa juu ya meza ya mwalimu akiwapangia watu kazi. Siku hiyo hapakuwa na kipindi, wala mahudhurio, wala alama ya mtu, lakini wanafunzi walikuwa zaidi ya mia.

"Barua inasemaje hasa, Madam?" Sindano aliuliza. "Naomba niisome mwenyewe."

Akaisoma mara mbili. Akashuka, akaenda kwenye kiti cha kwanza kilichofunguliwa, akaliangalia bamba la chuma la miguuni pa kiti, lenye matundu manne.

"Bamba ni mraba," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo linaingia kwenye matundu yaleyale hata ukiligeuza."

Gereji alikuwa wa kwanza kuelewa. Alicheka hadi akakaa chini.

Karani wa Majengo alikuja saa kumi na moja na ramani yake. Alihesabu viti: tisini na sita. Alipima umbali kati ya safu kwa futi: sawasawa. Alitikisa kiti kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichocheza. Alipofika mwisho alisimama akajikuna kichwa. Safu ya kwanza ilikuwa imeupa ubao mgongo ikitazamana na ya pili. Ya tatu ilitazamana na ya nne. Hivyo hivyo hadi nyuma.

"Dada. Mbona vinatazamana?"

"Barua haijasema vitazame wapi, kaka."

Karani alisoma barua. Akapiga simu ofisini kwake, akaeleza, akasikiliza kwa muda mrefu, akisema "ndiyo" na "ndiyo" na "hapana, vimekazwa." Alipokata simu alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo akaambiwa aurudishe alikoutoa.

"Wamesema kuvigeuza tena itakuwa kubomoa," alisema. "Saini tatu, siku kumi na nne. Na mmoja wa watia saini yuko likizo."

"Hadi lini?"

"Hadi muhula ujao." Akatia saini yake, akampa nakala. Mlangoni akageuka. Alionekana anataka kusema pole, au hongera, na hakujua ofisi gani inahusika. "Mmetia grisi nzuri," alisema, akaenda zake.

Madam Wenzo alikwenda kunawa mikono bombani. Grisi ilikataa kutoka; alisugua kwa mchanga, akasuuza, akasugua tena. Aliporudi alidhani atakuta wameondoka. Sauti zilimfikia akiwa bado ngazini. Walikuwa wamekaa, magoti kwa magoti, na Gereji alikuwa akibishana na watu sita juu ya swali la tatu la sura inayofuata, sura ambayo bado hakuwa amewafundisha.

Alisimama nje ya mlango akasikiliza. Walikuwa wamekosea. Walikuwa wamekosea kwa ari kubwa, na kila mmoja alikuwa akimvuta mwenzake zaidi porini. Sindano peke yake alikuwa akisema, "Subirini, subirini, kuna kitu hapa hakikai sawa."

Madam Wenzo alishika kitasa. Kisha akakiachia, akakaa kwenye ngazi na mikono yake yenye grisi mapajani, akawangoja wagundue wenyewe.